Vibaba vya Heshima

1

Bi Apaikunda Mruma alifika kwenye dirisha la malalamiko akiwa na mkoba, mwavuli, na kesi ambayo alikuwa ameshashindwa kabla haijasikilizwa. Hata hivyo hakuanza na kesi. Alianza na habari za asubuhi, akapitia habari za kazi, akaingia habari za watoto, akamalizia na habari za barafu ya mlimani, ambayo tangu irudishwe kule juu kwa mitambo ilikuwa ikinguruma alfajiri na kuwakosesha usingizi watu wenye presha. Nakijwa Mshana alizijibu zote. Mtu mzima hakatizwi salamu, na foleni iliyofika hadi kwenye ngazi ilisubiri bila kunung'unika, maana nayo ilikuwa na salamu zake.

"Sasa mwanangu," Bi Apaikunda alisema hatimaye, "nina shida ndogo, na kama ni usumbufu uniambie niondoke. Naomba kuiona hiyo hukumu inayonitoa nyumbani kwangu. Nimeambiwa imekaa ya kwanza."

Nakijwa alikuwa mpimaji mkuu wa Chekecheke, mashine ya mahakama ya kupanga hukumu, na kwa kawaida hakukaa dirishani. Siku hiyo alikaa kwa sababu karani wa dirishani, ambaye alikuwa wa chuma, alikuwa amepelekwa kubadilishwa magoti. Akaandika maneno manne kwenye kioo: nyumba, ndugu, kuazima, kugoma. Chekecheke ikapepeta hukumu zote zilizowahi kuandikwa nchini kwa muda ambao mtu angetumia kupiga chafya, kisha ikatamka kwa ile sauti yake nene, kama ya mtangazaji wa salamu za wagonjwa:

"Ya kwanza, yenye vibaba elfu tisa na mia nne, ni Hukumu ya Sufuria, ya Mheshimiwa Jaji Eliakimu Mbwambo."

"Sufuria?" Bi Apaikunda aliuliza kwa upole. "Yangu ni nyumba."

Nakijwa akamsomea. Mama mmoja alimwazima jirani sufuria ya shughuli, ile ya kupikia pilau ya ukoo mzima. Harusi ikapita, sufuria haikurudi. Mwenye sufuria akawa anakutana na jirani njiani, wanasalimiana, wanajuliana hali, wanaagana, na sufuria haitajwi, kwa sababu kumdai mtu sufuria ni kama kumwita mwizi mchana kweupe. Jaji Mbwambo akaamua kwamba mwenye mali anayekutana na aliyemwazima mara tatu, akamsalimu asidai, amekwisha kuitoa mali hiyo kuwa zawadi. Haya yake, aliandika jaji, ndiyo sahihi yake.

"Na wewe ilikuwaje, mama?"

Ilikuwa hivi. Binti yake Bi Apaikunda alijifungua huko Mwanza, naye akaenda kumlea mzazi, kama mama yeyote. Nyumba yake ya Same akamwachia wifi yake, Ndekirwa, aitazame. Mjukuu wa kwanza akafuatwa na wa pili kabla wa kwanza hajaacha kunyonya. Aliporudi alikuta mapazia mapya, vitasa vipya, na wifi yuleyule.

"Ulimwambia atoke?"

"Nilimuuliza kama nyumba haimchoshi."

"Akasemaje?"

"Akasema haimchoshi hata kidogo."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamshukuru."

Nakijwa akashusha pumzi. "Na ulipokuwa Mwanza, mlikuwa mnasalimiana?"

"Kila Jumapili nilimpigia. Kama ni salamu, mwanangu, zipo za kumwaga."

Kesi ilikuwa isikilizwe wiki iliyofuata mbele ya Jaji Sekela Mgaya, na hapakuwa na cha kusikiliza. Kanuni ilikuwa moja na kila mtoto wa shule aliijua: inayokaa juu ndiyo inayofuatwa. Ilitungwa baada ya ile miaka ya aibu, mawakili walipokuwa wakija mahakamani na matoroli ya hukumu, kila mmoja na zake, na kesi ya mpaka wa shamba ikirithiwa kutoka babu hadi mjukuu pamoja na shamba lenyewe. Chekecheke ilimaliza hayo yote. Ilipepeta, ikapanga, jaji akasoma ya juu, watu wakarudi nyumbani kula. Hakuna aliyewahi kufungua ukurasa wa pili, na baadhi ya majaji vijana hawakujua kama upo.

"Haya, nimeiona," Bi Apaikunda alisema, akikunja mkoba. "Ina maneno mazuri. Asante sana, na pole na kazi."

"Sasa hivi unalala wapi, mama?"

"Kuna chumba cha wageni kule kanisani. Wananipenda, ila wiki ijayo wana kwaya." Akafungua mwavuli akiwa bado ndani, akaomba radhi, akaufunga, akaondoka. Nakijwa alibaki akitazama kioo na kujisikia kama mtu aliyemnyang'anya bibi kizee kiti.

2

Ukweli ni kwamba vile vibaba vilikuwa vyake. Zamani Chekecheke ilihesabu tu hukumu imetajwa mara ngapi na majaji waliofuata, na Nakijwa, akiwa kijana na mdomo mrefu, ndiye aliyesimama mbele ya kamati akasema hiyo ni hesabu ya kitoto, kwani hata mwizi wa kuku hutajwa sana. Cha maana ni namna ya kutajwa. Akaifundisha mashine kusoma sauti ya maneno. Jaji akimwita mwenzake msomi, hukumu ya huyo mwenzake inaongezewa kibaba. Akimwita mwenye hekima, viwili. Akimsifu aliyekwisha kustaafu, vitano, kwa kuwa mstaafu hana cheo cha kumpa mtu, kwa hiyo sifa zake lazima ziwe za dhati. Na sifa ya kimafumbo, yenye kina au mwanga ndani yake, inahesabiwa kwa mamia. Mashine ilijifunza kuzitambua sifa kutoka kwenye hotuba za kuaga watumishi, risala za harusi na maneno ya misibani. Nakijwa akapewa tuzo ya kioo, ambayo aliifanya kikombe cha kuwekea kalamu.

Sasa alikaa na Gwamaka, mpimaji mwenzake, wakafungua tumbo la mashine waone vibaba elfu tisa vya sufuria vilitoka wapi. Majaji kumi na mmoja walikuwa wameitaja, wote kabla haijakaa ya kwanza. Gwamaka akasoma wa kwanza, Jaji Kimario, kwa sauti:

"'Kwa heshima na taadhima, nikiinamisha kichwa mbele ya bahari ya hekima ya ndugu yangu msomi Jaji Mbwambo, ambaye kalamu yake ni taa ya taifa letu, najikuta, kwa unyonge wangu, nikilazimika kushika njia nyingine.'"

Wakatazamana.

"Ameikataa," Nakijwa akasema polepole.

"Ameitupa jalalani. Hiyo 'njia nyingine' mashine imeihesabuje?"

Nakijwa akaangalia. "Imeiweka kwenye habari za safari."

Wakasoma wa pili. Huyo alimfananisha Jaji Mbwambo na mlima, akasema wadogo hawana budi kuuzunguka. Wa tatu aliandika aya nzima juu ya upole wa mzee, malezi yake na uzuri wa mwandiko wake, kisha katika mstari wa mwisho akampa ushindi mwenye mali. Walipofika wa kumi na moja Gwamaka alikuwa amelala juu ya meza kwa kicheko. Nakijwa hakucheka. Alikuwa ameona kitu kingine.

Majaji wa nchi hii walikuwa na desturi. Mtu hakumwambia mwenzake amekosea. Kwanza alimsifu, kisha alipita pembeni. Kosa dogo lilipata "msomi." Kosa la kati lilipata "hekima." Kosa la kutisha, lile la kumfanya jaji wa baadaye ashike kichwa, ndilo lililopata bahari, milima na taa. Kadiri hukumu ilivyokuwa mbovu, ndivyo ilivyovishwa kilemba cha ukoka kirefu zaidi.

"Gwamaka. Kwa hiyo ukurasa wetu wa kwanza..."

Gwamaka akaacha kucheka. "Ni wa mbovu kuliko zote."

Nje, kipepeo cha umeme cha mgahawa kilipita dirishani na chai ya watu wengine. Kwa miaka mingi nchi nzima ilikuwa inahukumiwa kwa makosa yake makubwa, kwa mpangilio mzuri, na wao walikuwa wamepewa tuzo.

"Basi ishushe," Gwamaka akasema. "Hii moja tu. Kidole kimoja. Itupe mwisho kabisa, yule mama apate nyumba yake, na nani atajua?"

"Kiapo je?"

Kiapo cha wapimaji kilikuwa kifupi: mkono wangu hautagusa mpangilio wa kesi iliyo mbele ya mahakama. Mpimaji aliyemtangulia Nakijwa aligusa, mara moja, kwa ajili ya shamba la mjomba wake. Sasa alikuwa anapanga vitabu vya maktaba ya gereza, na watu walisema anavipanga vizuri sana.

Njia ya halali ya kuifundisha mashine upya ilikuwa kupitia kamati, na kamati ilikutana ikipenda. Ilibaki njia nyingine, ambayo kanuni iliiruhusu ingawa hakuna aliyeikumbuka: jaji aliye kitini anaweza kuikataa hukumu ya juu, ilimradi atamke waziwazi kwamba si sahihi, na Chekecheke isikie.

"Mwambie Jaji Mgaya atamke," Gwamaka akasema.

"Mzee Mbwambo mwenyewe atakuwepo."

Ilikuwa hivyo. Kwa kuwa hukumu yake sasa ndiyo iliyoongoza nchi nzima, mahakama ilikuwa imeamua kumwita mzee mstaafu aketi mbele siku hiyo, aisikie ikisomwa, kisha akate utepe wa Ukumbi wa Jaji Mbwambo mlango wa pili. Waandishi wa habari walikuwa wamealikwa. Hakuna jaji aliyezaliwa na kulelewa hapa ambaye angemwambia mzee wa watu amekosea mbele ya keki yake.

"Basi mtu aende akamwambie kwanza nyumbani," Gwamaka akasema, kisha akapata kazi ya haraka ya kufuta kioo ambacho kilikuwa kisafi.

Nakijwa alikuwa msaidizi wa Jaji Mbwambo kwa miaka saba. Alipoolewa, baba yake akiwa marehemu, ni yeye aliyesimama upande wa baba. Hapakuwa na mtu mwingine wa kutumwa.

3

Alimkuta mzee nyumbani kwake Rau, barazani, akibishana na jiko lililokataa kumchemshia kahawa kwa sababu ya ugonjwa wake wa moyo.

"Nakijwa, mwanangu. Liambie hili jiko mimi ni nani."

Nakijwa akaliambia, jiko likatii kwa shingo upande, wakaanza habari. Za nyumbani zilikuwa njema. Za watoto, njema. Za migomba, njema isipokuwa mmoja. Walipozimaliza Nakijwa akapiga moyo konde na kufungua mdomo, lakini mzee alimtangulia.

"Unajua jambo gani linanishangaza? Nilipokuwa kazini sikujua kama wananipenda hivi." Aliegemea kiti, akafumba macho na kukariri bila kutafuta neno: "'Nikiinamisha kichwa mbele ya bahari ya hekima.' Huyo ni Kimario. Kimario, ambaye tulikuwa hatuongei kwa sababu ya nafasi ya kuegesha gari. 'Mlima ambao sisi wadogo hatuna budi kuuzunguka.' Huwa najisomea kabla ya kulala. Marehemu mke wangu alikuwa ananiambia, Eliakimu, umekaa kwenye hicho kiti miaka yote hiyo, umemsaidia nani? Sikuwa na jibu. Sasa ninalo."

Nakijwa akameza kahawa ambayo bado ilikuwa inachemka. Hapo ndipo alipoelewa, na ilimuuma zaidi ya kahawa. Mzee alikuwa amezisoma hukumu zile kama Chekecheke ilivyozisoma. Neno kwa neno, kibaba kwa kibaba. Katika watu wote na mitambo yote ya nchi, ni hao wawili tu waliosadiki.

"Mzee," alisema, "kuhusu ile Hukumu ya Sufuria."

"Naam."

"Ni hukumu ambayo, kwa ukubwa wa... yaani, kwa jinsi ilivyotangulia mbele, wengine wetu tunashindwa kuifikia."

Mzee Mbwambo alifungua macho yaliyolowa. "Asante, mwanangu," akasema. "Kutoka kwako hiyo ina uzito."

Nakijwa alijisikia akisema mambo mengine, kuhusu upeo, kuhusu nyakati, kuhusu watu wa kawaida ambao macho yao hayahimili mwanga mkali, na kila alilosema lilimnenepesha mzee kitini. Aliondoka na mkungu wa ndizi mikononi na aibu tumboni. Njia nzima aliwaza kile kidole kimoja. Angekisogeza, Bi Apaikunda angelala kwake, mzee angekata utepe wake na kufa siku zake zikitimia akiwa bahari. Hakuna ambaye angelia. Jinsi jambo lile lilivyokuwa rahisi ndiyo iliyomtia hofu.

4

Mahakama ilijaa. Mzee Mbwambo aliketi mstari wa mbele ndani ya suti ya kahawia, waandishi wakiwa nyuma yake. Bi Apaikunda aliketi kushoto na wifi yake Ndekirwa kulia, mwanamke mnene mwenye sura ya kupumzika vizuri. Bi Apaikunda alikuwa anamuuliza kwa mbali, kwa ishara, kama kuku wanataga. Ndekirwa akajibu kwa ishara kwamba wanataga sana. Nakijwa alikaa kwenye meza ya mashine chini ya kiti cha jaji, ambako mpimaji hukaa kuhakikisha Chekecheke inasikia. Funguo za kubadilishia mpangilio zilikuwa wazi mbele yake.

Jaji Mgaya alikuwa amepata ujumbe wa Nakijwa, wa kumwomba aikatae waziwazi, na kuusoma mara mbili. Aliingia akiwa na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Ya kwanza," Chekecheke ikatangaza, "Hukumu ya Sufuria, vibaba elfu tisa na mia nne."

Watu wakapiga makofi. Mzee akainama kidogo kutoka kitini.

"Mahakama hii," Jaji Mgaya alianza, akitazama dari, "imeisoma kwa unyenyekevu hukumu hii ya mheshimiwa, ambayo kina chake..."

"Sifa imepokelewa," ikasema Chekecheke. "Elfu tisa na mia tano."

Jaji akakohoa. "Nieleweke. Pamoja na mwanga wote alioumulika mheshimiwa, mahakama hii, yenye macho dhaifu, haikuweza kuona kila alichokiona."

"Sifa kubwa imepokelewa. Elfu tisa na mia nane."

"Sikumaanisha hivyo. Namaanisha kwamba mzee wetu alikuwa mbele mno."

"Elfu kumi," ikasema Chekecheke, na kwa kuwa ilikuwa imepangiwa kufanya hivyo kwa namba kamili, ikapiga tarumbeta. Makofi yalirudi, na mtu mmoja nyuma akapiga vigelegele.

Jaji Mgaya akafuta paji la uso. Akamtazama Nakijwa, kisha akautazama mkono wa Nakijwa, kisha akazitazama funguo, halafu akageukia dirisha na kuanza kuhesabu mawingu. Alikuwa mtu mwaminifu maisha yake yote, na hakuwa ameagiza kitu.

Kidole kilikuwa juu ya funguo. Nakijwa alikiona kama cha mtu mwingine. Mara moja tu, na kila mtu chumbani angerudi nyumbani na furaha yake. Lakini Bi Apaikunda angepata nyumba yake bila kujua kwa nini, na kesho angekuja mama mwingine, na keshokutwa mjomba wa mtu, na sheria ya nchi ingekuwa ni kidole cha Nakijwa Mshana na huruma zake za siku hiyo. Hakuna ambaye angeweza kumkatia rufaa, kwa kuwa hakuna ambaye angejua. Akaiondoa mikono yote miwili mezani na kuikalia. Kisha akaona kwamba kuikalia hakumsaidii Bi Apaikunda chochote, akasimama.

"Mheshimiwa Jaji, naomba kusema."

"Sema," akasema Jaji Mgaya, kwa haraka ambayo haikustahili cheo chake.

Nakijwa alitamani kuanza na heshima na taadhima. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini, yamezoea njia. Akayameza.

"Hukumu ya Sufuria imetajwa na majaji kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja waliikataa. Mashine haikuelewa kwa sababu mimi niliifundisha kuamini maneno matamu. Jaji Mbwambo alikosea, na kila mtu humu ndani aliyesoma sheria anajua hivyo."

"Msemaji si jaji," ikasema Chekecheke. "Haijapokelewa."

Hata Bi Ndekirwa aliketi wima. Mzee Mbwambo hakugeuka upande wowote. Alikuwa anatazama mikono yake na midomo yake ikicheza, na Nakijwa alijua alikuwa akikariri, akizipitia zote upya moja moja, safari hii hadi mwisho wa sentensi.

"Wote?" akauliza.

"Wote, mzee."

"Hata Kimario?"

"Yeye ndiye wa kwanza."

"Kimario aliniita bahari."

"Ndiyo, mzee. Halafu akashika njia nyingine."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Uso wake ulikuwa umezeeka pale pale mbele ya watu, na Nakijwa alihisi angetoa mwaka wa maisha yake kuwa mahali pengine. Kisha mzee akajikaza, akashika mkono wa kiti chake, akainuka.

"Mheshimiwa," akamwambia jaji, "uendelee. Kuna mama hapa anasubiri nyumba yake."

Jaji Mgaya akanyoosha joho. "Jaji Mbwambo alikosea," akasema, bila kumung'unya maneno, na sauti yake ilisikika kama ya mtu anayejaribu viatu vipya.

"Imekataliwa," ikasema Chekecheke. Vibaba elfu kumi vikaporomoka kwenye kioo kama mchele uliotoboka gunia. "Inayofuata, yenye vibaba elfu nane: Hukumu ya Mchicha. Mgeni aliyepanda mboga katika ua wa mwenyeji ameweka mizizi, na hawezi kung'olewa. Ya Mheshimiwa Jaji Sekela Mgaya, mwaka wake wa kwanza kazini."

Mtu mmoja alicheka puani akajifanya amekohoa. Mzee Mbwambo, akiwa bado amesimama, alimtazama jaji kwa shauku.

"Nilikuwa mgeni," akasema Jaji Mgaya. Hakuna aliyemsaidia. "Na Jaji Mgaya naye alikosea."

"Imekataliwa. Zikikataliwa mbili, jaji hutumia akili yake." Chekecheke ikasita kidogo. "Karibu."

Kanuni ilisema hivyo kweli. Jaji Mgaya alikaa na hiyo akili yake kwa muda, ambayo haikuwa imetumika siku nyingi, na watu wakamwona akianza kuifurahia.

"Nyumba ni ya Bi Apaikunda," akasema. "Kuona haya ni adabu, si hati. Bi Ndekirwa atatoka mwisho wa mwezi huu, na vitasa atamwachia."

Bi Apaikunda akainuka, akamgeukia wifi yake kwa uso wa majonzi. "Wifi yangu, kama utaona ni mapema sana..."

"Bi Apaikunda," akasema jaji, "naomba ukae chini kabla hujaitoa tena."

5

Utepe haukukatwa. Waandishi waliikata keki wenyewe, kwa kuwa keki haikuwa na kosa, wakaondoka. Nakijwa alimkuta mzee kwenye benchi la nje, mkabala na mlango wa ukumbi ambao juu yake fundi alikuwa anaondoa jina la mzee, herufi baada ya herufi. Alisimama mbali kidogo. Alifikiri angefukuzwa, na aliona ni haki yake.

"Kaa," mzee akasema.

Akakaa.

"Ulikuja kwangu siku ile kuniambia."

"Ndiyo, mzee."

"Ukaniambia mnashindwa kunifikia."

"Nisamehe, mzee."

"Siku ile ndiyo nakusamehe. Leo hapana haja." Fundi aliangusha herufi, akaiokota. "Na nyingine?"

"Nyingine zipi?"

"Hukumu zangu. Niliandika nyingi. Niambie kama ulivyosema mle ndani, usinipambe."

Nakijwa alizifahamu zote. Nyingine alizipiga chapa kwa mikono yake mwenyewe. Akamwambia. Ile ya ng'ombe wa mnada ilikataliwa. Ile ya bima ilikataliwa na sifa zake zilijaza ukurasa. Ile ya mchungaji na kipaza sauti, hapo jaji mmoja alimwita mzee jua. Mzee alisikiliza akiitikia kwa kichwa, na kwenye jua akatoa mguno mfupi ambao ulikaribia kuwa kicheko.

"Kwa hiyo hakuna hata moja."

"Ziko mbili. Ile ya maji ya mfereji, na ile ya mtoto aliyekanwa na baba yake."

Mzee akageuka. "Ile ndogo? Niliiandika mchana mmoja, kabla ya chakula. Wanasemaje juu yake?"

"Hawasemi kitu."

"Hata neno?"

"Hata neno. Hakimu akipata kesi ya mtoto wa namna ile anaandika jina la hukumu yako, anampa mtoto haki yake, anaendelea na kesi nyingine. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kukusifu. Ndiyo maana mashine iliitupa ukurasa wa arobaini, na imebaki inafanya kazi kwa wale wa mahakama ndogo tu, ambao hawana mashine. Wameitumia mara mia sita na kitu."

Kule juu barafu ilinguruma kidogo na kutulia.

"Mia sita," akasema. "Hao ni watoto mia sita?"

"Zaidi, mzee. Wengine walikuwa mapacha."

Mzee akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya tai yake, akaifuta kwa muda mrefu sana, na hakuirudisha usoni.